Abebe Bikila: wiki tano za kupona kisu, miezi minane ya kujifunza upya kuketi

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969, gari dogo aina ya Volkswagen liliacha njia na kupinduka karibu na mji wa Sheno, yapata kilomita 70 kaskazini-mashariki mwa Addis Ababa. Dereva alikuwa peke yake. Alibanwa ndani ya mabati hayo usiku kucha, na ni asubuhi tu watu walipomkuta na kumtoa. Alikuwa hai, lakini mwili wake haukumtii tena. Dereva huyo alikuwa Abebe Bikila, mwanajeshi wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme wa Ethiopia, na mtu wa kwanza duniani kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo.

Jina lake linajulikana kote Afrika Mashariki kwa picha moja: mji wa Roma, mwaka 1960, mwanamume mwembamba akikimbia pekupeku juu ya mawe ya barabara za kale. Picha hiyo ina haki ya kukumbukwa. Lakini maisha ya Abebe yana sura mbili nyingine zinazosimuliwa kwa haraka mno, na zote mbili zinahusu mwili uliojeruhiwa na kazi ya kuurudisha. Ya kwanza ni wiki tano kati ya kitanda cha upasuaji na ushindi wa Tokyo. Ya pili ni miezi minane katika hospitali moja ya Uingereza, ambako ushindi ulipimwa kwa kipimo kingine kabisa.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, mkoa wa Shewa, katika familia ya Waoromo wafugaji na wakulima. Kwa sadfa, siku hiyohiyo wakimbiaji walikuwa wakishindana katika marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles. Utoto wake uliangukia miaka ya uvamizi wa Waitalia, ulioanza mwaka 1935, na familia yake ililazimika kuhama. Baada ya amani kurejea alichunga mifugo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Addis Ababa akajiunga na Walinzi wa Mfalme. Tunamwita Abebe kwa makusudi: kwa desturi ya Waethiopia hilo ndilo jina lake mwenyewe, na Bikila ni jina la baba. Dunia ya michezo imelitumia jina la baba kana kwamba ni la ukoo, na haikuwahi kusahihisha.

Kikosini ndiko alikokutana na Onni Niskanen, raia wa Sweden mwenye asili ya Finland, aliyefika Ethiopia mwaka 1946 na kufundisha mazoezi ya viungo. Niskanen hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliamini katika kupima: muda wa kukimbia, muda wa kupumzika, mwendo wa hatua, mapigo ya moyo. Aliwapeleka vijana wake milimani, akawarudisha kwenye uwanja, akawaingiza kwenye bafu la mvuke, kisha akaandika kila kitu. Uhusiano wao ulidumu hadi kifo, na bila ya kuuelewa huwezi kueleza lililotokea mwaka 1964.

Kuhusu Roma tutasema machache. Viatu vilivyopatikana kabla ya mashindano vilimbana vidole, na kwa kuwa alishazoea kufanya sehemu ya mazoezi bila viatu, yeye na Niskanen waliamua kuviacha. Mwenzake Abebe Wakgira naye alikimbia pekupeku siku hiyo akamaliza wa saba. Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, wakiwa wamemulikwa na mienge iliyoshikwa na askari kando ya njia, Abebe alikwenda bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Karibu na mwisho njia ilipita kwenye mnara wa Aksum, nguzo ya mawe ambayo jeshi la Mussolini liliipora Ethiopia mwaka 1937. Hapo ndipo Abebe alipoongeza kasi. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, muda bora kuliko wowote uliowahi kurekodiwa, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki.

Jambo moja la Roma halina budi kutajwa hapa kwa sababu litarudi. Siku nane baada ya ushindi ule, katika mji uleule, yalifunguliwa mashindano mengine yaliyowakusanya wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa watu waliopata majeraha ya uti wa mgongo na kutumia viti vya magurudumu. Leo mashindano hayo yanahesabiwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya watu wenye ulemavu, yaani Paralimpiki. Abebe alikuwa bingwa wa dunia mwenye miguu iliyozungumzwa kila mahali. Hakuwa na sababu yoyote ya kuyafuatilia.

Kisu cha mwezi Septemba

Miaka minne baadaye, Ethiopia ilimtazamia kutetea taji lake Tokyo. Katikati ya Septemba 1964 maumivu makali ya tumbo yalimshika. Ilikuwa ni kidole tumbo, na tarehe 16 mwezi huo alifanyiwa upasuaji. Marathoni ya Tokyo ilikuwa imepangwa tarehe 21 Oktoba. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 35.

Msomaji aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, au aliyemuuguza mtu, anajua siku 35 ni kitu gani. Katika upasuaji wa wazi wa zama zile, daktari hupasua ngozi upande wa chini kulia, kisha huachanisha tabaka za misuli moja baada ya nyingine hadi akafika ndani. Ngozi hufunga mapema, kwa kiasi cha siku kumi, na hapo ndipo mgonjwa hudanganyika. Kovu linaonekana limekauka, watu nyumbani wanasema amepona, naye anainua ndoo ya maji. Lakini tabaka za ndani bado hazijashikana vizuri. Zinahitaji wiki nyingi kurudisha nguvu, na zikilazimishwa kabla ya wakati huweza kuachia na kusababisha ngiri.

Upande wa pili wa mizani kuna hatari ya kulala tu. Anayelala bila kujisogeza baada ya upasuaji hupumua kwa juujuu kwa kuogopa maumivu, makohozi hubaki mapafuni, na homa ya mapafu hunyemelea. Damu iliyotulia kwenye mishipa ya miguu nayo huweza kuganda. Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya viungo huanza na mambo yanayoonekana madogo mno kustahili kuitwa tiba: kuvuta pumzi ndefu kwa zamu, kukohoa huku mto umekumbatiwa tumboni, kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu kitandani, kuketi ukingoni mwa kitanda, kusimama, hatua tano, hatua kumi. Hakuna kifaa chochote cha gharama katika orodha hiyo. Kinachohitajika ni mtu anayejua lini aongeze na lini azuie, na mgonjwa anayekubali kuambiwa ngoja.

Inasimuliwa kwamba Abebe alianza kutembea na hata kukimbia polepole katika uwanja wa hospitali kabla hajaruhusiwa kutoka. Huenda simulizi hilo limetiwa chumvi kidogo, kama yanavyotiwa masimulizi ya mashujaa wote. Lililo dhahiri ni kwamba alifika Japani akiwa hajamaliza kupona, na kwamba waandishi wa habari hawakumpa nafasi kubwa. Alikuwa na umri wa miaka 32, moyo na mapafu yaliyojengwa kwa miaka kumi katika nyanda za juu, na kocha aliyezoea kupima kila kitu. Hayo matatu hayapatikani katika kila nyumba. Tunalisema hili kwa sababu hadithi ya Abebe na kidole tumbo hutumika wakati mwingine kumkemea mgonjwa wa kawaida, aonekane mvivu. Haifai kutumika hivyo.

Siku ya mashindano alivaa viatu na soksi nyeupe. Ron Clarke wa Australia ndiye aliyeongoza mwanzoni kwa kasi kali, na Jim Hogan wa Ireland alikuwa karibu. Abebe aliwaacha mmoja mmoja, na sehemu kubwa ya nusu ya pili alikimbia peke yake kati ya kuta mbili za watu. Aliingia uwanjani na kumaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, rekodi mpya ya dunia. Basil Heatley wa Uingereza, aliyekuwa wa pili, alifika baada ya dakika nne na zaidi.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza makumi ya maelfu ya watu uwanjani. Badala ya kuanguka chini kama wafanyavyo wakimbiaji wengi, alikwenda kwenye nyasi za katikati akaanza kujinyoosha, akalala chali na kuizungusha miguu hewani kana kwamba anaendesha baiskeli. Wengi walilichukulia kama mbwembwe. Mimi ninaliona kuwa ni kazi ya mwanafunzi mtiifu wa Niskanen: mwili uliotoka kwenye juhudi kubwa unashushwa taratibu, hauzimwi ghafla. Ni jambo ambalo mtaalamu yeyote wa viungo angelipendekeza, isipokuwa yeye alilitenda mbele ya dunia nzima akiwa na kovu bichi tumboni.

Baada ya hapo mwili ulianza kudai deni. Mwaka 1967 jeraha la mguu lilimfanya ashindwe kumaliza mashindano ya Zarautz nchini Hispania. Mwaka 1968 huko Mexico alianza marathoni yake ya tatu ya Olimpiki akiwa na maumivu, na baada ya kilomita zipatazo 17 alijitoa. Mwenzake Mamo Wolde, aliyekuwa askari katika kikosi kilekile, akaendelea na kuileta dhahabu nyumbani. Miezi mitano baadaye ikaja ile ajali ya Sheno.

Stoke Mandeville

Abebe alikimbizwa katika hospitali ya jeshi Addis Ababa, na mwishoni mwa mwezi huohuo wa Machi alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville iliyoko Aylesbury, kaskazini-magharibi mwa London. Shingo na uti wa mgongo vilikuwa vimeumia. Mwanzoni hakuweza kuisogeza hata mikono.

Hospitali hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Mwezi Februari 1944, daktari wa mishipa ya fahamu Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, alifungua humo kituo cha askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Kabla ya hapo, mtu aliyepooza kwa jeraha kama hilo alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri. Alilazwa pembeni, akapewa dawa za maumivu, na mara nyingi aliaga dunia ndani ya muda mfupi. Kilichomuua hakikuwa uti wa mgongo wenyewe. Kilikuwa vidonda vya kulalia vilivyooza na maambukizi ya kibofu.

Guttmann aliyakataa hayo. Hakutegemea kisu kwa wepesi. Alitegemea mikono ya wauguzi na saa ya ukutani. Mgonjwa aligeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili ngozi isikandamizwe mahali pamoja. Viungo visivyosogea vilisogezwa na mtaalamu ili visikakamae. Kisha, mapema iwezekanavyo, mgonjwa alifundishwa kuketi, jambo ambalo kwa mtu asiyehisi nusu ya mwili wake ni sawa na kujifunza kusimama juu ya kamba. Baada ya kuketi kulikuja kuhamia kwenye kiti, kuvaa nguo, kujihudumia, na kazi ya mikono.

Michezo iliingia kama sehemu ya dawa. Upinde na mshale hujenga mabega, mgongo na mizani ya kiwiliwili. Tena ni mchezo ambao aliyeketi anaweza kushindana na aliyesimama bila upendeleo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, Guttmann aliwapanga wagonjwa wake 16 kwenye nyasi za hospitali washindane kurusha mishale. Mashindano hayo madogo ndiyo yaliyokua hadi yakafika Roma mwaka 1960, siku nane nyuma ya Abebe.

Kufikia mwaka 1969 Guttmann alikuwa amestaafu uongozi wa kituo, lakini utaratibu wake ulikuwa haujabadilika. Abebe alikaa humo miezi minane. Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumjulia hali, na barua zilimiminika kutoka pande zote za dunia. Lakini wageni huondoka jioni. Kinachobaki ni zoezi la saa tatu asubuhi, linalofanana na la jana na litakalofanana na la kesho. Mtu aliyezoea kuhesabu kilomita alianza kuhesabu sentimita ambazo kiwiko kimeinuka. Taratibu mikono ilirudi. Miguu haikurudi.

Hapa pana tofauti ambayo lugha yetu huificha, kwa kuwa tunatumia neno moja la kupona kwa yote mawili. Mwaka 1964 tiba ilikuwa na lengo la kumrudisha alikokuwa: jeraha lifunge, nguvu zirejee, akimbie. Mwaka 1969 hakukuwa na kurudi. Lengo lilikuwa kumfikisha mahali papya akiwa na heshima yake. Familia nyingi huvunjika moyo kwa sababu zinasubiri kupona kwa namna ya kwanza ilhali mgonjwa wao yuko katika ya pili, na katika kungoja huko wanayaacha mazoezi ambayo yangemwezesha kuketi mwenyewe na kula kwa mkono wake.

Magurudumu ya Busia

Wasikilizaji wetu wenye asili ya mpakani, kule ambako Kenya na Uganda hukutana Busia na barabara nyingine huelekea Tororo kupitia Malaba, wana mfano wao wenyewe wa mikono iliyofanywa miguu. Kwa miongo mingi, wanaume na wanawake wenye ulemavu, wengi wao walioathiriwa na polio utotoni, wamevusha mizigo kwenye mpaka wa Busia wakitumia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baiskeli hizo hubeba shehena ambayo mtu mwenye miguu miwili asingeiweza kichwani. Maofisa wa forodha mara nyingi waliwalegezea, na wafanyabiashara walilijua hilo, hivyo kazi ya kuvusha bidhaa ikawa riziki yao. Watafiti wa Makerere na wa Denmark waliwahi kuandika juu yao, wakaonyesha jinsi baiskeli hiyo ilivyompa mtu kipato, ndoa na sauti mjini.

Mambo yamebadilika tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005 na ushuru kati ya nchi hizo kupungua. Na mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia. Upungufu wa ushuru ni neema kwa mfanyabiashara. Kwa yule ambaye faida yake yote ilitokana na kulegezewa ushuru, neema hiyo ina upande wa pili.

Uganda ilikuwa na daktari wake aliyeshughulikia jambo hili. Katika miaka ya 1960, Ronald Huckstep, daktari bingwa wa mifupa katika Mulago na Makerere, aliwafanyia upasuaji watoto wenye polio na kubuni vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyoweza kutengenezwa palepale nchini. Upasuaji ulinyoosha goti lililokunjamana, chuma kililishikilia, lakini bila mazoezi ya kumfundisha mtoto kutembea navyo, vyote viwili vilikuwa kazi bure. Mwaka 1972 alihamia Sydney akawa profesa katika Chuo Kikuu cha New South Wales.

Polio imerudi nyuma sana. Nafasi yake katika wodi za mifupa imechukuliwa na pikipiki. Kijana wa bodaboda anayevunjika paja kwenye barabara ya Tororo huwekewa chuma ndani ya mfupa, akaruhusiwa, akarudi kijijini. Nauli ya kwenda kliniki ya viungo kila wiki ni fedha ileile ya chakula, na pikipiki iliyokuwa ikizileta fedha hizo imeharibika. Goti lisilokunjwa kwa wiki sita hukakamaa. Ndugu walio ughaibuni wanapotuma fedha, hutuma za upasuaji kwa moyo mweupe. Za nauli ya kliniki hawaziombwi, kwa kuwa mgonjwa huona aibu kuomba fedha za kwenda kunyooshwa mguu. Afadhali ziulizwe.

Upinde, sleji na Munich

Abebe alirudi Ethiopia akiwa katika kiti cha magurudumu, lakini hakufunga mlango wa michezo. Mwaka 1970 alishiriki mashindano ya Stoke Mandeville, akirusha mishale na kucheza tenisi ya mezani. Mwaka uliofuata alikwenda Norway, katika michezo ya watu wenye ulemavu, akashindana katika mbio za sleji juu ya theluji. Mtoto wa nyanda za Shewa alishinda mbio za kilomita 25 katika nchi ambayo watu wake huzaliwa na theluji mlangoni.

Haitakuwa haki kuyafanya haya yaonekane mepesi. Alikuwa na mke, Yewebdar, waliyefunga ndoa mwaka 1960, na watoto wanne. Alikuwa askari aliyezoea kusimama wima mbele ya mfalme. Gari lililompindua lilitokana na ushindi wake mwenyewe, kwani baada ya Tokyo alipandishwa cheo na kuzawadiwa Volkswagen. Wapo waliosema angetunzwa vizuri zaidi kama asingepewa gari. Ni maneno ya baada ya tukio, nayo hayamrudishii mtu miguu.

Mwaka 1972 alialikwa katika Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima. Aliposukumwa kuingia uwanjani watu walisimama wakampigia makofi. Aliitazama marathoni akiwa ameketi: Frank Shorter wa Marekani akashinda, Mamo Wolde akapata shaba, na mshindi alimwendea Abebe kumpa mkono. Mwaka huohuo, huko Heidelberg, Kenya na Uganda zilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza.

Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe Bikila alifariki dunia Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ajali ya miaka minne iliyotangulia. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mazishi yake yalikuwa ya kitaifa. Makumi ya maelfu ya watu walijipanga njiani, na Mfalme Haile Selassie mwenyewe alihudhuria. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu. Chini ya mwaka mmoja baadaye mfalme huyo alipinduliwa, na Kikosi cha Walinzi kilichowalea Abebe na Mamo kikatoweka pamoja na enzi yake. Mnara wa Aksum ulibaki Roma hadi mwaka 2005, uliporudishwa Ethiopia kwa vipande; ulisimamishwa tena mahali pake mwaka 2008.